Hakuna Kifaa cha Kuwashia

3 Machi

Kiroboto,

Marahaba! Naitikia kabisa kabla hujaniamkia, maana najua utasahau.

Ile mashine yangu ya kuchapia imekata roho. Ilianza kwa herufi mojamoja kugoma, mwisho ikazima katikati ya mkataba wa mtu, na mwenye mkataba amesimama palepale ananitazama kama mimi ndiye niliyeiua. Tangu ufunge karakana yako miaka mitatu iliyopita ukakimbilia huko machimboni kulea majenereta, sina fundi. Basi nikaenda kwa yule muuza vitu chakavu nyuma ya posta, nikanunua laptop. Kuukuu, ndiyo. Usinianze na "rahisi ni ghali", nimeshajiambia mwenyewe njia nzima.

Nikiiwasha, feni inavuta pumzi, skrini inabaki nyeusi, kisha yanatokea maneno meupe ya Kiingereza ambayo kwa lugha yetu ni haya: Hakuna kifaa cha kuwashia. Weka diski, kisha bonyeza kitufe chochote. Nabonyeza kitufe chochote. Yanarudi yaleyale. Jana nimebonyeza mpaka mteja akaniuliza kama napiga kinanda.

Tena inalalamika kwamba saa yake imepotea. Nairekebisha, naizima, nikiiwasha imerudi tarehe mosi Januari ya mwaka mmoja wa zamani, saa sita kamili usiku. Nimerekebisha mara nne. Mshona viatu jirani yangu ameitazama akasema, "Hii ina mwenyewe, na mwenyewe hajaiaga." Nimemfukuza, lakini tangu aseme hivyo siipi mgongo.

Nisaidie. Barua nampa dereva wa lori la mafuta, huyo mnayemwita Polepole. Nasikia anaendesha kama anafukuzwa na nyuki.

Dada yako,
Mchapaji


8 Machi

Dada,

Shikamoo. Umeona? Sikusahau.

Huyo mshona viatu arudi kwenye soli zake. Mashine haina mwenyewe, ina betri. Ndani kuna kibetri kidogo cha duara, kama kifungo cha koti, kazi yake kutunza saa na mipangilio wakati umeme haupo. Kikifa, mashine inasahau kila kitu na kurudi ilivyotoka kiwandani. Ndiyo maana saa inarudi nyuma. Hakuna jini hapo.

Hayo maneno mengine maana yake mashine imetafuta diski ya kuanzia ikaikosa. Pengine diski imelegea tu. Fanya hivi: chomoa waya, toa betri kubwa, igeuze kifudifudi. Fungua skrubu zote, uzipange kwenye sahani kama zilivyokaa. Nakujua wewe, usizirundike. Badilisha kibetri. Diski ni kile kibamba cha bati, ukubwa wa kiganja. Ichomoe, ipanguse meno yake kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka isikike imekaa. Ukiwasha, shikilia kitufe cha mipangilio, uangalie kama jina la diski linaonekana.

Nieleze pia ikoje kwa nje. Mafundi tunajua magonjwa kwa sura.

Huku salama. Vumbi la kokoto, kelele za jenereta, simu hazishiki. Napenda hivyohivyo.

Mdogo wako,
Kiroboto


13 Machi

Kiroboto,

Nimefungua! Mimi, niliyekuwa naogopa kubadilisha balbu. Skrubu kumi na moja zimetoka, kumi na moja zimerudi.

Saa sasa inatulia. Diski nimeitoa na kuirudisha, na kwenye ukurasa wa mipangilio jina lake linaonekana, namba ndefu kama ya gari la serikali. Lakini maneno ni yaleyale. Hakuna kifaa cha kuwashia. Sasa mbona imeiona halafu inasema haipo? Ni kama mtu anayekutazama usoni akakwambia hajakuona.

Umeniuliza sura yake. Ya kijivu. Juu ya kifuniko kuna nyota ya karatasi ya zambarau, mtu amejaribu kuibandua akaacha ncha mbili. Kitufe cha herufi M hakipo, pamebandikwa kishanga chekundu. Chini ya kibodi nimekuta maganda ya penseli, yale ya kuchongea, na kipande kirefu cha nywele zilizosukwa. Hapo nilisita. Nilihisi nimeingia chumbani kwa mtu bila kubisha hodi.

Lakini sikia hili, utacheka. Juu ya diski kuna utepe wa kijani, na juu ya utepe pameandikwa "Mwalimu, binti." Mwandiko ni wako! Nilikufundisha mimi kuandika, hiyo B yenye tumbo la mjamzito naijua popote. Mashine imepita kwenye karakana yako! Basi lazima unajua inaumwa nini. Dunia duara, eti.

Huyo binti ni nani?

Dada yako


17 Machi

Dada,

Usiiwashe tena. Toa hiyo diski, ivunje kwa nyundo, mabaki yatupe mbali. Mashine mrudishie muuzaji. Akikataa, iache palepale mlangoni kwake. Mimi nitakutafutia nyingine.

Usiniulize.

Kiroboto


22 Machi

Kiroboto,

Ati nisikuulize? Nani amekubeba mgongoni ukiwa na surua, mimi au jenereta? Unanitumia mistari minne kama hati ya kufukuzwa kazi, hata shikamoo hamna.

Sikuvunja kitu. Nilikwenda kwa muuza chakavu, akaniambia mashine hiyo ilikuwa kwenye gunia alilouziwa na fundi mmoja aliyefunga karakana kwa haraka. Fundi huyo ni wewe. Nikaenda mpaka pale ilipokuwa karakana yako. Siku hizi ni kinyozi. Nikamuuliza tu, hivihivi, kama kuna watu bado wanakuulizia.

Akasema wengi walikuja mwanzoni wakaacha. Amebaki mmoja. Mama wa makamo, mwalimu, ana mwavuli mweusi. Huja kila Alhamisi alasiri, anasalimia, anakaa kwenye kiti cha wateja kama nusu saa, anaangalia ule ukuta ulikokuwa na rafu zako, kisha anaaga anaondoka. Hanyolewi. Kinyozi anasema mwanzoni alimuogopa, sasa siku asipokuja ndipo anapoogopa.

Miaka mitatu, Kiroboto! Nimerudi nikaifunika mashine kwa kanga, na hata ikiwa imefunikwa naisikia feni yake, na haijawashwa.

Mficha uchi hazai. Ulimfanyia nini huyu mama? Usiponijibu, Alhamisi ijayo nitakaa kiti cha pembeni yake nimuulize mwenyewe.

Dada yako


27 Machi

Dada,

Shikamoo.

Hata huku anakuja. Si yeye, najua si yeye. Lakini kila Alhamisi alasiri nikiinua macho kutoka kwenye injini nauona ule mwavuli pembeni ya rundo la kokoto. Nikipangusa jasho haupo. Nilidhani ukifika mahali pasipofikika, huwezi kufuatwa.

Nitakuandikia kwa mpangilio, kama ninavyoandika kazi.

Binti yake alikuwa na miaka kumi na miwili. Kifua kilimuua. Alikuwa na hiyo laptop, na mama yake alikuwa akimtaka kila jioni asome kwa sauti na ajirekodi, ili wasikilize makosa pamoja. Baada ya mazishi mashine ikawa inazima ovyo. Mwalimu akaniletea. Akasema, "Fundi, mashine hata ikifa si neno. Nataka sauti tu." Nikamwahidi Alhamisi.

Siku hiyohiyo karani wa ofisi ya jirani aliniletea diski yake ya kuhifadhia mafaili tu, isiyoweza kuwasha mashine, niifute kabisa kabla hajaitupa. Diski mbili, kampuni moja, ukubwa mmoja, meza moja. Mimi huwa nabandika utepe kabla sijachomoa kitu. Siku hiyo utepe ulikuwa umeisha. Nilichomoa kwanza, nikaenda dukani kununua utepe, nikarudi nikabandika kwa kumbukumbu. Kisha nikafuta ile ya karani.

Jioni nikamaliza kuisafisha mashine ya binti. Nilikuwa nimetoa kila kitu, feni, kumbukumbu, kibetri, nimepuliza vumbi, nimerudisha. Nikaweka diski yenye utepe wa Mwalimu. Nikawasha. Hakuna kifaa cha kuwashia.

Nikajua nimekosea utepe, nimefuta sauti ya mtoto wa watu, na hii iliyobaki ni takataka ya karani. Ningeiunganisha na mashine nyingine, dakika mbili tu, ningejua kwa hakika. Sikuiunganisha. Niliogopa kujua.

Alhamisi akaja. Nikamwambia diski ilikufa yenyewe, hakuna wa kulaumiwa. Akanitazama. Akasema, "Basi baki nayo, siwezi kubeba sanduku tupu." Nikafikiri yameisha. Alhamisi iliyofuata akaja akakaa kwenye benchi. Na iliyofuata. Miezi mitano. Mwisho nilikuwa nikisikia kikohozi cha mtoto ndani ya redio za wateja. Nikauza kila kitu kwa gunia nikaondoka.

Sasa umeshajua mdogo wako ni mtu wa namna gani.

Dada, ngoja.

Nimeweka kalamu chini, nimezunguka jenereta mara tatu, nimerudi. Nimesoma tena nilichoandika hapo juu. Nilitoa kibetri. Nilikitoa mwenyewe, kwa mkono wangu! Kibetri kikitoka mipangilio yote inafutika, si saa tu, hata namna ya kuisoma diski. Diski za umri ule zinawaka kwa namna ya zamani, na mashine ikisahau inarudi kwenye namna mpya, inaiona diski lakini haiwezi kuianza. Ndiyo maana kwako jina linaonekana. Kitu hiki nimewaeleza wateja mara ngapi? Mara mia! Na mimi mwenyewe nikakiona kwenye skrini nikakiamini kama hukumu ya hakimu. Skrini niliiamini, mkono wangu ulioandika utepe sikuuamini.

Au najidanganya tena. Sijui. Nenda kwenye ukurasa wa mipangilio, tafuta mahali panapotaja namna ya kuwasha, badilisha kutoka mpya kwenda ya zamani, hifadhi, toka. Kama ni ya karani, ni kosa langu na utaona maneno yaleyale. Kama ni ya binti, usifungue kitu. Usisikilize. Mpelekee mama yake ikiwa hivyohivyo, pamoja na barua hii.

Kiroboto


1 Aprili

Mdogo wangu,

Imewaka.

Nilisubiri mchana, mlango wazi, mshona viatu amekaa ndani kwa ombi langu, maana peke yangu nisingeweza. Maneno meupe hayakuja. Imekuja picha ya msichana mwenye pengo la jino, amemshika paka asiyetaka kushikwa. Mshona viatu akavua kofia.

Sikugusa kitu. Sikuizima pia, niliogopa. Kinyozi alikuwa anajua mtaa wa Mwalimu, nimeikumbatia ikiwa wazi mpaka kwake, watu wananishangaa. Nimemweleza yote mlangoni, barua yako nimempa. Amesoma mpaka mwisho akiwa amesimama. Nikamwambia ningeweza kumnakilia kila kitu kwenye flashi, ni kazi ndogo. Akasema, "Mikono ya watu imeshaigusa vya kutosha." Ameipokea, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nimekaa nje kidogo. Halafu nikasikia mtoto anasoma kwa sauti. Nimelia njia nzima, na kwa kukuonea huruma na kwa kutamani kukuchapa.

Dada yako


6 Aprili

Fundi,

Nimepata kibali cha dada yako kukuandikia kwa njia hii. Barua yako nimeisoma. Ina makosa matatu ya tahajia. Sikuyasahihisha.

Nilijua unadanganya siku ileile. Nimefundisha miaka ishirini na sita. Mtoto anayedanganya hunitazama mikono badala ya uso, nawe ulinitazama mikono. Nilichokuwa nataka pale si kukushitaki. Makaburini nilimwacha mwili, kwako nilikuwa nimemwacha sauti. Ulipohama niliendelea kuja kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Kama ulidhani nakuandama, ulidhani vibaya, ila sikuhurumii kwa hilo.

Sasa nikueleze kilichomo. Masomo arobaini na moja. Nimeyasikiliza yote, mengine mara nyingi. Miaka mitatu binti yangu amekuwa akiniita nikiwa jikoni, kwa upole, "Mama," nami nimekuwa nikimjibu. Majirani walinisikia, waliniacha. Kumbe sauti ile haikuwa yake. Niliitengeneza mimi. Kwenye mashine sauti yake ni nene, ina mafua, na haniiti Mama hata mara moja. Ananiita "Mwalimu" kwa kunikebehi, kisha anacheka. Nilikuwa nimelisahau hilo. Tangu nimsikilize, ile sauti ya jikoni imekoma. Nyumba iko kimya kweli kwa mara ya kwanza.

Katika somo la thelathini na nane anakohoa. Nyuma yake kuna mwanamke anafoka: "Rudia! Juu zaidi! Umemeza ulimi?" Ilinichukua muda kumtambua. Mtoto alikuwa na wiki tatu za kuishi, na mimi nilikuwa nahesabu makosa. Naye anarudia, Fundi. Anavuta pumzi, anarudia aya yote tangu mwanzo bila kosa. Sijui kama nikushukuru au nikulaani kwa kunirudishia hiki. Nafanya yote mawili, kutegemea saa.

Sikukuandikia kwa hayo. Leo ni siku ya sita sijaizima. Nalala sebuleni nayo. Waya wa chaji unapata moto, feni inakwaruza. Jana umeme ulikatika dakika nane, nikasimama juu yake nikitazama ile namba ya betri inavyoshuka. Dada yako ni mtu mwema, amekuja mara mbili, sikumruhusu kuigusa. Naogopa yale maneno meupe.

Nina swali moja, na wewe ndiye uliyeifungua, hakuna mwingine wa kumuuliza. Nikiizima, itawaka tena?

Jibu kweli.

Mwalimu


9 Aprili

Mwalimu,

Shikamoo.

Sijui.

Kibetri cha saa ni kipya, mipangilio itakaa, kwa hiyo inatakiwa kuwaka. Lakini diski ni kongwe, imekaa kwenye gunia miaka mitatu, na wewe mwenyewe umesema feni inakwaruza. Inaweza kuwaka mara mia. Inaweza isiwake hata mara moja. Mtu yeyote atakayekuambia anajua, anakudanganya.

Kwa hiyo usiizime. Kama iko juu ya kitambaa, itoe, iweke kwenye meza tupu, iinue kwa vitabu viwili, kimoja kila upande, hewa ipite chini. Waya usiukunje. Dada ana betri ya gari dukani kwake na kifaa cha kugeuza umeme wake uwe kama wa nyumbani. Nimemwandikia ailete siku hiyohiyo atakayopata barua. Mruhusu aingie. Hatagusa mashine, atachomeka waya tu, wewe ukitazama.

Jenereta siwezi kuliacha bila mtu. Mwenzangu anafika kesho asubuhi, nami naondoka mchana, msimamizi akikubali au asikubali. Njiani nitanunua diski mbili mpya. Nitanakili masomo yote arobaini na moja, mara mbili, na nitaanza na la thelathini na nane isipokuwa ukinikataza.

Utakaa karibu yangu. Kila kitu nitakachogusa nitakitaja kwanza, ukisema hapana nitaacha. Utepe nitaubandika kabla ya yote, na jina lake utaliandika wewe.

Fundi